Wito unao, ila usiuze korosho zikiwa bado mtini (yaliyonikuta mimi Masasi)

Habari za jioni wakuu. Mleta mada umesema una miaka 23, umemaliza chuo, unaongoza vijana kanisani hapo Lindi mjini, watu wanakwambia una upako, ila mchungaji kakwambia subiri miaka miwili ndo wafikirie kukupeleka chuo cha biblia, na sasa kuna wenzio kumi na mbili wanakusukuma mkaanzishe huduma yenu. Umeuliza uondoke au ubaki. Humu wengine wamekujibu mtii mchungaji, wengine wamekwambia Roho hasubiri kamati, mimi sitaki kubishana na mtu, ngoja nikusimulie yangu maana hiyo barabara nimeshaitembea mpaka mwisho wake, na mwisho wake kwangu ilikuwa duka la spika.

Mimi ni wa kijiji kimoja upande wa Masasi. Sekondari nilikuwa mwenyekiti wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo), nahubiri kambi za Pasaka mpaka wanafunzi wanalia, kwa iyo 2016 niliporudi nyumbani baada ya fomu six nilijua kabisa kwamba kanisa la kijijini lilikuwa linanisubiri mimi tu. Padre (huku kwetu tunasema padre hata ambao sio Wakatoliki) anakuja mara moja kwa mwezi kwa sababu ana mitaa mingi, siku zote zilizobaki anaendesha katekista, mzee wa darasa la saba, miwani imefungwa na waya wa shaba. Halafu huyo mzee ni mjomba wangu, na nyie wa kusini mnajua, sisi ukoo unafata kwa mama, mjomba akisema neno limekaa.

Nikamfata nikamwambia mjomba nina wito. Akafurahi kweli, akaniombea, halafu akanipa kengele.

Kengele yenyewe ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe, unaigonga na kipande cha nondo. Kazi yangu: Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nigonge ya kwanza, saa mbili nigonge ya pili, Jumamosi nifagie kanisa na kujaza ndoo mbili za maji. Basi. Mahubiri anahubiri yeye, yale yale ya mpanzi na mbegu, na akikosea namba ya mstari anarudi kuutafuta taratibu huku watu wote tunamsubiri. Mimi mwenyekiti mstaafu wa UKWATA nimeshika fagio. Niliumia aisee, nilijiona nimedharauliwa.

Vijana wote tunaupenda ule mstari Paulo anaomwambia Timotheo mtu asiudharau ujana wake. Mimi niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ila niliishia nusu, maana unaendelea kumtaka awe kielelezo kwenye maneno, mwenendo, upendo, imani na usafi, na kwenye barua hiyo hiyo Paulo anakataza kumuweka mtu aliyeongoka juzi kwa sababu atajivuna na kuanguka, tena anamwambia asimwekee mtu mikono kwa haraka. Timotheo alikuwa kijana na anaambiwa yote hayo kwa pamoja. Mimi nilichukua kipande kinachonifaa nikakimbia nacho.

Sasa nisikilize hapa maana ndo penyewe. Mimi sikuanza kwa kuondoka. Nilianza kwa kusimama nje. Ibada ikiisha mzee anahesabu sadaka ndani na wazee wenzake, mimi niko chini ya mwembe na vijana, mmoja anasema kwaya inahitaji kinanda namwambia wazo lako zuri sana ila si unamjua mzee, mwingine anasema tukeshe Ijumaa namwambia ingekuwa ni mimi tungekesha hata leo. Hakuna tusi hata moja! Ukinirekodi huoni kosa. Lakini ukisoma habari za Absalomu mwana wa Daudi ndo kitu hicho hicho, anaamka mapema anasimama langoni, mtu akija na kesi anamwambia kesi yako ni nzuri ila kwa mfalme hakuna wa kukusikiliza, laiti ningekuwa mimi ndo mwamuzi. Aliiba mioyo ya watu kwa upole. Mimi niliiba watu 17.

Siku ya kwenda kuaga nilimkuta mjomba kakaa barazani na shangazi wanabangua korosho, zimeshachomwa, vidole wamejipaka majivu ili yale mafuta ya ganda yasiwaunguze. Akanisogezea jiwe. Nikaanza kumueleza maono yangu huku nagonga, napiga kwa nguvu kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa nimejiandaa kujibu hoja zake zote, na yeye hana hoja, anagonga tu tap, anageuza, tap, korosho inatoka nzima. Nilipomaliza kuongea rundo langu lote lilikuwa vipande. Akaangalia, akasema "mjomba, hizo utakula mwenyewe, haziuziki." Ndo hilo tu alilosema siku ile. Nilikasirika wiki nzima.

Tukaanza ushirika wetu kwenye banda la baba wa mmoja wetu. Mwanzo moto kweli kweli. Watu wakajaa, nikaona huduma inahitaji vyombo, nikaenda Masasi mjini nikakopa spika mbili, amplifaya na mikisa kwa milioni moja na laki nane, makubaliano nitalipa msimu wa korosho, na kila mwanakikundi akaahidi kilo kadhaa za kwao. Ilikuwa 2018. Mnaoukumbuka msimu ule mnajua, Oktoba wakulima Tandahimba na Newala wanakataa bei za mnada, Novemba serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kilo na jeshi likaja kusomba, mpaka watu wahakikiwe na kulipwa mwaka umeshageuka. Mwenye duka yeye hajui habari za uhakiki, anajua tarehe.

Na mimi nikafanya nini? Nikaenda kwa mtu wa kangomba. Kwa wasio wa huku, kangomba ni yule anayekupa hela kidogo ukiwa na shida na korosho zako anazichukua kwa bei ya kutupa, na mwaka ule walikuwa wanasakwa kweli kweli. Kijana wa maono, namuuzia kangomba gunia za mama yangu usiku. Hela yenyewe haikufika hata nusu ya deni.

Mwenye duka akaja na kirikuu mchana kweupe, watu wamejaa, anadai vyombo vyake na bakaa juu kwa sababu spika moja ilishaungua. Wenzangu mmoja mmoja wakakumbuka wana shughuli. Aliyekuja ni mjomba, na baiskeli yake, akamwamkia yule bwana ambaye ni mdogo kwake, akaomba kigoda, wakaongea kama saa nzima, akaandika jina lake yeye kwenye karatasi kwamba bakaa atalipa. Akalipa. Mpaka leo sijamsikia akilitaja, si kanisani si kwenye vikao vya ukoo.

Daudi alipokuwa pangoni na Sauli mbele yake, alikata kipande cha vazi tu, na moyo ukamchoma kwa hicho kipande. Na huyu alishapakwa mafuta, na aliyekuwa mbele yake alikuwa anamuwinda amuue! Mimi nilimkata mzee asiye na kosa na nikalala usingizi. Ndo maana nakwambia mdogo wangu, swali lako la uondoke au ubaki sio la kwanza. La kwanza ni hivi, kwa sasa unamuongeleaje mchungaji wako akiwa hayupo? Tabia ya mtu aliyeitwa inaonekana hapo zaidi kuliko madhabahuni. Elisha, hata alipokuwa ameshafanya miujiza, mtu alimtambulisha kwa sifa moja tu, kwamba ndiye aliyekuwa anamnawisha Eliya mikono.

Nilirudi nikashika nondo yangu, miaka mitatu. Kipindi hicho tukifagia mjomba alikuwa ananipa historia za huku, kwamba Masasi misheni ilianza 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na kwamba Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alikuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA (ile misheni ya Kianglikana), 1890, akahudumu Chitangali, na kabla ya hapo alianza na ushemasi. Alikuwa anapenda kusema neno shemasi taratibu, huku ananiangalia.

Sasa nisieleweke vibaya, wapo wazee wanaotumia "subiri" kukalia kiti. Nimewaona. Anakwambia subiri na hakupi kazi yoyote, hakufundishi, mwaka wa tano bado subiri. Huyo ana shida. Kwa iyo kamuulize mchungaji wako uso kwa uso, bila kundi nyuma yako, katika hiyo miaka miwili anataka kuona nini kwako na atakufundisha nini. Akiwa na jibu, kaa. Akiwa hana, kamwone aliye juu yake kwa heshima, njia zipo. Ila hata ukija kuondoka, ondoka peke yako, ukiwa umeaga, mchana.

Na hao kumi na mbili usiwajibu kwenye grupu. Ongea na kila mmoja nyumbani kwao, waambie ukweli, maana mimi deni langu lililipwa ila la wale 17 bado. Wengi walirudi kanisani kimya kimya. Mmoja hakurudi popote. Anaendesha bodaboda Masasi, tukikutana ananiamkia vizuri tu kwa heshima zote, na Jumapili anapaki nje ya geti la kanisa, anasubiri watu watoke apate abiria.