"Deep" si kina peke yake: kwa mnaoanza kazi ya kutafsiri

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilipewa kipeperushi cha wagonjwa waliotoka kupasuliwa tumbo. Kurasa 4 tu. Kiliwaeleza kwamba kila saa wavute pumzi mara 10, pumzi za kujaza kifua, kwa sababu mtu mwenye kidonda tumboni huogopa maumivu, akawa anahema juu juu, makohozi yakabaki ndani, na baadaye akapata nimonia. Kiingereza kilisema "deep breath". Kamusi yangu ilisema deep ni kina, basi nikaandika "vuta pumzi ya kina" nikasonga mbele.

Kabla hakijachapwa tulikwenda nacho wodini kukijaribu. Muuguzi alimsomea bibi mmoja aliyekuwa ameegemea mito miwili, mkono ameukandamiza juu ya bandeji. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, pumzi ya kina nani?"

Alikuwa anauliza kweli. Kina, kwake, ni kina mama, kina Juma, kina sisi. Muuguzi akaiweka karatasi kando, akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, akasema: "Bibi, vuta pumzi ndefu, ishushe mpaka huku chini. Ibane kidogo. Haya, iachie taratibu." Bibi akavuta, na bandeji ikapanda. Niliyaandika maneno yale vilevile alivyoyasema, na ndiyo yaliyochapwa.

Tangu siku hiyo, nikikutana na deep sianzi na kamusi. Naanza na kitu chenyewe: ni nini hicho kilicho deep, na watu wanaokishika kila siku wanakionaje? Utashangaa jinsi Kiswahili kilivyoligawa jambo ambalo Kiingereza kimelibebesha neno moja.

Chukua visima. Ukikaa na watu wa maji, wahandisi kwa wanakijiji, utasikia wanasema kisima kirefu na kisima kifupi. Kirefu ndicho kinachochimbwa kwa mtambo, kifupi ni cha kuchimba kwa mikono. Hakuna anayesema "kisima chenye kina". Shimo nalo ni refu, na mto wenye maji ya kuzamisha mtu una maji marefu. Hata pale tunapotumia neno kina lenyewe, bado tunaliongezea urefu: bandari ya kina kirefu, maji ya kina kifupi. Kina peke yake ni kipimo tu, kama uzito au upana. Kumwambia mtu "maji yana kina" hakumsaidii mzazi anayetaka kujua kama mtoto wake atazama.

Kwa hiyo kina litumie kwa raha pale unapopima. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, ilhali Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, linafika mita 80 hivi. Hapo neno limekaa mahali pake. Lakini angalia jirani zake kwenye sentensi. "Kisima hiki kina kina cha mita 60" ni sahihi kisarufi, na bado msomaji atajikwaa, atarudi nyuma, atasoma tena. Andika "kisima hiki kimechimbwa mita 60 kwenda chini" na hakuna atakayesimama. Na ukiwa unatafsiri makala ya ushairi, kumbuka kwamba huko kina ni ile sauti ya mwisho inayolingana, ndugu yake mizani. "Shairi lenye kina" hapo linaweza kusomeka kwa namna mbili, na mwandishi hatakushukuru.

Kundi linalowapiga chenga wengi ni lile la uzito. Usingizi wa deep ni usingizi mzito. Sauti ya deep ni nzito, ile ya besi kwenye kwaya. Siri ni nzito, mahaba ni mazito, mawazo ni mazito. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walilijua hili vizuri: kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo giza liko juu ya "vilindi vya maji", na sura inayofuata Adamu analetewa "usingizi mzito". Kiingereza kina deep mahali pote pawili. Wao walitazama maji, kisha wakamtazama mtu aliyelala, wakachagua kwa kila kimoja. Na kama maandishi yako ni ya hadithi au mazungumzo, usisahau kwamba tuna neno ambalo Kiingereza hakina: amelala fofofo. Likitokea la kufaa, usiliache kwa kuogopa kwamba haliko kwenye matini ya asili.

Kwenye misiba na shukrani, twende haraka: masikitiko ni makubwa, shukrani ni za dhati, au zinatoka sakafu ya moyo. Nimewahi kuona "huzuni ya kina" kwenye tangazo la kifo. Familia imefiwa, inasoma tangazo lake, inakutana na neno la vipimo. Tafadhali tusiwafanyie watu hivyo.

Rangi inakolea. Nyekundu iliyokolea, kijani kilichokolea. Muulize muuza vitambaa akuonyeshe nyekundu ya namna hiyo na huenda akakwambia "damu ya mzee", nawe ukapata rangi kamili bila kivumishi chochote. Kwenye mapishi, viazi na maandazi tunavikaanga kwenye mafuta mengi mpaka vielee, na hilo ndilo mama ntilie atakalokwambia ukimuuliza. Fundi seremala, ukimwagiza kabati la jikoni, atakuuliza linaingia ndani kiasi gani, nawe utamjibu sentimita 60. Jeraha nalo limeingia ndani, au limechimbika. Mshipa wa damu ni wa ndani. Anga ni za mbali. Tabia imeota mizizi.

Baharini ndiko ninakopenda kuwapeleka wanafunzi wangu, kwa sababu huko lugha yetu ni tajiri kuliko tunavyoitumia. Kilindi ni mahali penye maji marefu, na bandari ya Mombasa imechukua jina lake hapo: Kilindini. Petro naye anaambiwa katika Luka atweke mpaka kilindini, ashushe nyavu. Kwenye kilindi kuna lindi, shimo refu lisiloonekana mwisho, ndiyo maana tunasema mtu amezama kwenye lindi la mawazo au lindi la umaskini. Mabaharia walipima kwa bildi, timazi iliyofungwa kamba na kushushwa mpaka iguse chini, wakahesabu kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Na uvuvi wa mbali unaoitwa deep sea, kisheria Tanzania unaitwa uvuvi wa bahari kuu, na kuna mamlaka yenye jina hilo. Ukiandika "bahari ya kina" kwenye hati ya uvuvi, ofisa atakayeisoma atajua mara moja kwamba hukuuliza mtu.

Mwili nao ni kipimo. Taarifa za mafuriko za Kiingereza zimejaa maji ya knee-deep na waist-deep. Sisi tunasema maji yamefika magotini, yamefika kiunoni. Yakifika shingoni tayari ni nahau: mtu wa maji ya shingo ni yule aliyebanwa na deni au shida mpaka hana pa kugeukia. Hapo deep ya maji na deep ya madeni zimekutana kwenye neno moja, tena la kwetu.

Sasa jambo linaloniuma kidogo. "Kwa kina" limekuwa chumvi ya maofisini. Majadiliano ya kina, maelezo ya kina, uchambuzi wa kina, mkakati wa kina. Lilikuwa neno zuri, na bado ni zuri mtu akichunguza jambo mpaka chini kabisa. Lakini siku hizi deep, detailed, comprehensive na thorough vyote vinatupwa kwenye kapu hilohilo, na programu za kutafsiri zinalirudisha kila mahali kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliozilisha. Kabla hujaliandika, jaribu "kirefu", "hatua kwa hatua", "kwa undani", "bila kuacha kitu". Mara nyingi moja wapo ndilo alilolikusudia mwandishi. Kwa upande mwingine, "ujifunzaji wa kina" wa akili unde naukubali: huko deep ni idadi ya tabaka za mtandao wa neva bandia zilizopangwa moja baada ya nyingine, kipimo halisi.

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemwelekeza aliniletea mwongozo wa ufugaji wa kuku. Alikwama kwenye deep litter, na rasimu yake ya kwanza ilisema "takataka zenye kina". Sikumpa jibu. Nilimwambia apande daladala aende kwa mfugaji yeyote, aingie bandani, atazame chini. Alirudi jioni na vumbi la maranda kwenye viatu. Mfugaji alikuwa amechota maranda kwa mkono, akasimamisha kiganja ndani yake kumwonyesha, akasema: "Tandaza nene. Ukiona yamelowa, geuza, ongeza juu yake, usitoe."

Kijana ameandika "tandazo nene". Ukurasa unaofuata una deep tena, safari hii ya trei za kulishia, na kesho asubuhi anarudi bandani.