Usiitamke hiyo p

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu vyombo kwenye hoteli moja. Siku hiyo nikapewa orodha ya Kiingereza niisome kwa sauti. Nikafika kwenye "cupboard", nikaisoma ilivyoandikwa: kapu-bodi. Wakaangua kicheko. Bosi akaniuliza kama natafuta kapu la sokoni.

Jioni nikamsimulia mjomba, fundi seremala aliyeishia darasa la saba. Akashangaa: "Si kabati tu hilo, mjomba?"

Alipatia kuliko mimi. Waingereza wenyewe hutamka "kabad". P imemezwa na b ya jirani. Waliotuletea neno hilo kwenye Kiswahili waliandika walichosikia. Kwa hiyo, neno la Kiingereza likiwa na ndugu yake huku kwetu, anza kwa kusikiliza tunavyolitamka sisi. Si mara zote litakuokoa, ila mimi lingeniokoa.

Halafu livunje, hapo ndipo penye utamu. "Cup" ni kikombe, "board" ni ubao, na ubao wenyewe zamani ulikuwa pia meza. Karne ya 14 neno hilo halikuwa na mlango wala kitasa: ilikuwa meza ya kupangia vikombe na vyombo vya fedha, wageni wavione. Kufikia karne ya 16 lilishahamia kwenye kitu chenye milango. Bibi yangu alikuwa nalo la vioo sebuleni, limejaa vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Hilo liko karibu zaidi na la karne ya 14 kuliko lile la jikoni.

Ukishaijua hiyo meza, bodi ya wakurugenzi inaeleweka: ni watu waliokaa meza moja. Bodingi nayo ni mahali unapolala na kula mezani. Kabati, bodi, bodingi, wote ukoo mmoja, na tunaishi nao bila kutambulishwa.

Ila fungua kamusi yenye asili za maneno kabla hujajigamba. "Cockroach", yaani mende, linaanza na "cock", jogoo, nami nikamtungia mtoto wa dada yangu kisa kirefu cha jogoo na mende. Kumbe limetoka kwa Wahispania, "cucaracha", Waingereza wakalipinda lifanane na maneno yao. Mpaka leo mende akikatiza jikoni, mtoto ananiita: "Mjomba, jogoo wako huyu hapa!"