Mwanga wa dagaa haumwambii nahodha wewe ni nani

Usiku ule tulikuwa nje ya kisiwa cha Sinda, watu 6 ndani ya boti ya faiba ya mita 9, taa za kuvulia dagaa zinawaka hadi maji yanakuwa meupe. Nilikuwa na uhakika tunaonekana. Kijana aliyekaa omo, yaani mbele ya boti, akauliza: mbona meli ile inaonyesha nyekundu na kijani kwa pamoja? Nikatazama juu ya rangi hizo, nikaona nyeupe mbili, moja imesimama sawasawa juu ya mwenzake. Omo yake ilikuwa inatutazama sisi. Tukakata kamba, tukaacha wavu, tukawasha mashine.

Simlaumu nahodha yule. Mwanga wetu haukumwambia kama tunatembea au tumesimama, wala tumeelekea wapi. Na sisi wenyewe ulitupofusha, ndiyo maana tulichelewa kuiona meli.

Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka taa ziwake tangu jua kuzama hadi kuchomoza, na hata mchana mvua au ukungu ukifunga. Boti ya mashine iliyo chini ya mita 12 inatosheka na taa nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu ubavu wa kushoto na kijani wa kulia, ukiwa umeelekea omo. Nyeupe iwe juu ya hizo za rangi kwa mita 1 au zaidi, ionekane maili 2 za baharini. Za rangi maili 1. Meli ya mita 50 kwenda juu hubeba nyeupe mbili mlingotini, ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele. Ndiyo maana ukiziona zimepangana wima, meli imekuelekea; ondoka.

Mashua ya tanga huwasha nyekundu, kijani, na nyeupe ya tezi, yaani ya nyuma, tu. Lakini ukiwasha mashine, hata tanga likiwa limetwekwa, unahesabiwa chombo cha mashine; hapa wengi wetu tunakosea. Ngalawa au mtumbwi chini ya mita 7, kama huna taa hizo, uwe na tochi au fanusi nyeupe karibu na mkono, uionyeshe mapema. Mimi humulika tanga lenyewe, maana kitambaa kilichomulikwa hutambulika upesi kuliko nukta ya tochi.

Ukitega nyavu, weka nyekundu juu ya nyeupe, zote za pande zote. Wanaokokota juya, wavu wa kuburuta, chini hutumia kijani badala ya nyekundu. Ukitia nanga, nyeupe moja mahali inapoonekana vizuri.

Fundi akishafunga taa zako, usimlipe siku hiyo. Mwache mwenzako ndani ya boti usiku, wewe simama mbali ufukweni, aigeuze taratibu huku ukitazama. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta nyekundu iko kulia.