Maswali na Majibu: Kwa nini rangi za picha yangu dhahania zinageuka tope?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa tumbo na kulazwa kwa wiki tano. Tangu niliporudi nyumbani Morogoro nimekuwa nikichora picha dhahania, yaani za rangi na maumbo tu zisizoonyesha kitu halisi, ili nieleze namna nilivyopona, lakini kila picha inaishia kuwa na rangi ya tope, ingawa ninaanza na bluu, chungwa na manjano safi. Picha mbili zimeanza kubanduka. Chini nilipaka rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka milango, na juu nikatumia akriliki. Zaidi ya hayo, ninachoka nikisimama kwa zaidi ya nusu saa. Nifanyeje, na nitajuaje kwamba picha imekamilika?

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana kwa uliyopitia.

Nianze na kubanduka, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Akriliki ni rangi ya maji ambayo chembe zake hushikana maji yanapokauka, na haishiki vizuri juu ya uso wenye mafuta. Rangi ya mafuta yaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka, lakini kinyume chake hakifai. Picha hizo mbili hutaziokoa kwa kuongeza rangi. Vua kitambaa, uitumie fremu upya. Ukinunua marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ifue kwanza ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kisinyae kabla hujakikaza kwenye fremu, kisha upake andakoti ya maji, yaani rangi ya kutangulia, mara mbili, ukipitisha msasa laini katikati. Na kwa kuwa mwili wako bado unajijenga, ningekuomba rangi ya milango pamoja na thina yake zisiingie kabisa katika chumba unachokitumia, kwa sababu mvuke wake si mzuri kwa mtu yeyote.

Sasa tope. Bluu na chungwa ni rangi zinazokabiliana, kama zilivyo nyekundu na kijani, au manjano na zambarau. Zikiwekwa kandokando kila moja humwangazia mwenzake, lakini zikichanganyika zikiwa mbichi huuana na kuzaa kahawia au kijivu. Nimewafundisha watu wengi wanaochora jambo lililowaumiza, na karibu wote mkono wao huwa na haraka: hisia inapopanda wanaongeza rangi juu ya rangi kabla ya iliyo chini haijakauka. Kabla ya kupaka tabaka jingine, weka nyuma ya kiganja chako juu ya picha. Ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka, hata kama kidole hakichukui rangi. Ukihisi joto la kawaida la chumba, endelea. Tabaka la juu lilainishe kwa midiamu ya akriliki, yaani akriliki isiyotiwa rangi, badala ya kulijaza maji, ili liwe kama kioo chenye rangi. Chungwa jepesi juu ya bluu iliyokauka bado litapunguza ukali wa bluu hiyo, lakini utaziona zote mbili, moja ikipenya chini ya nyingine. Usikimbilie kutia nyeupe pia, maana nyeupe nyingi huifanya rangi ififie kama chaki.

Hata hivyo, naona chanzo cha haraka hiyo kiko mbali zaidi ya brashi. Umesema unataka kueleza namna ulivyopona, na hilo ni pana mno kwa kitambaa kimoja. Anayejaribu kulisema lote kwa siku moja atazitumia rangi zote kwa siku moja. Chagua kitu kimoja ambacho mwili wako unakikumbuka. Mimi nilipolazwa kwa nimonia, kilichonibaki kichwani ni pazia la kijani la wodini, ambalo lilikuwa likijaa upepo na kutulia tena kabla sijamaliza kuvuta pumzi moja. Niliporudi nyumbani nilikaza kitambaa, na kila asubuhi nikapaka mstari mmoja tu wa kijani kutoka juu kwenda chini, nikiishusha brashi ninapotoa pumzi na kuiinua pumzi inapokwisha. Mistari ya kwanza ilikuwa mifupi kama kidole na miisho yake ilitetemeka. Baada ya wiki kadhaa mstari ukafika ukingo wa chini wa fremu. Sikuchora pazia wala kifua, wala sikuwa na nafasi ya kutengeneza tope, kwa sababu kila mstari ulikuwa na siku nzima ya kukauka. Kwako huenda kitu hicho ni matone ya dripu, au idadi ya hatua kutoka kitandani hadi dirishani. Kipe kanuni moja ya mkono, uifuate.

Kuhusu kuchoka, si lazima usimame. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941 hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu, akafanya kazi akiwa kitandani na kwenye kiti cha magurudumu: wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi, kisha vipande vikahamishwahamishwa ukutani hadi aridhike. Njia hiyo itakufaa. Paka karatasi chache rangi zako, zikikauka zikate ukiwa umeketi, uzipange juu ya kitambaa kilicholazwa mezani. Utaona mapema mahali bluu inapoibana chungwa, na kuhamisha kipande hakukugharimu hata tone la rangi.

Kukamilika kwa picha hupimwa na jicho lililopumzika. Igeuze iangalie ukuta kwa siku tatu, halafu uigeuze asubuhi, ukiwa hujaitazama picha nyingine. Jicho likienda mara moja mahali pamoja na kutaka kuparekebisha, parekebishe hapo tu, kisha uigeuze tena. Likizunguka bila kukwama, andika tarehe nyuma ya kitambaa, na usubiri kama wiki mbili kabla ya kupaka vanishi, hasa wakati wa masika, hewa inapokuwa na unyevu.

Picha ya kwanza ya marekani mpya ningependa niione. Ipige picha karibu na dirisha, bila taa ya simu.