Ukienda Urusi kusoma lugha, ukipewa jembe we pokea

Kila msimu wa skolashipu ukifika napata meseji za vijana wanaoenda Urusi, na swali ni lile lile, kaka nifanyeje nikijue Kirusi haraka. Wanategemea niwatajie aplikesheni. Mi nawaambia katafute mtu mwenye shamba la viazi.

Sitanii. Mi nilipangiwa Voronezh, mji uko kama kilomita 500 kusini mwa Moscow, nikaingia podfak, yaani ule mwaka wa maandalizi ambao mgeni anasoma lugha kabla hajaanza kozi yenyewe. Miezi ya mwanzo darasani nilikuwa moto, mtaani bubu. Padezhi zote sita, yaani namna neno linavyobadilika mwisho kulingana na kazi yake kwenye sentensi, ziko kichwani, hata ukiniamsha usiku nakutajia, lakini dukani nanyoosha kidole. Sababu wala haikuwa ngumu, hosteli tulikuwa Wabongo wanne na Wakenya wawili, jikoni tunasonga ugali wa manka, ile semolina yao, tunapiga stori mpaka saa nane usiku, raha tupu, Kirusi kinabaki kwenye daftari.

Chuo walitupeleka ekskursia kibao, makumbusho, makanisa, tukapiga picha. Sikatai, nendeni, ila kule unatembezwa tu, hamna anayekuuliza kitu ukalazimika kujibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mi la kwangu nilikabidhiwa mwezi wa tano.

Aliyenipa ni mama wa getini pale hosteli, wenyewe wanaita vakhtyorsha, wale wamama ambao ukirudi umechelewa unatamani ulale nje. Na nilishamkosea huyo. Si unajua sisi kila mzee tunamwita bibi na ni heshima, basi nami nikamwita babushka, mama wa watu akaninunia siku tatu! Kumbe umemwambia amezeeka. Mtu mzima kule unamwita kwa jina lake na la baba yake, baba akiwa Ivan basi binti ni Ivanovna, sawa na pwani wanavyosema Fatuma binti Ali, na unamwambia vy, yaani nyinyi ya heshima, siyo ty, wewe. Hawana shikamoo, hiyo vy ndo shikamoo yao. Muuzaji wa dukani hata awe na miaka hamsini we mwite devushka, msichana, hapo hukosei.

Sasa siku moja nikambebea boksi la miche ya nyanya mpaka kituoni, manake ikifika masika Warusi wanaotesha miche madirishani, akaniambia kitu cha Jumamosi na viazi, nikajibu da, ndiyo, nusu sijaelewa. Jumamosi hiyo nikajikuta kwenye treni ya elektrichka naenda dacha, kishamba chao cha nje ya mji. Ukisikia dacha usiwaze jumba la kifahari, kiwanja cha kawaida tangu enzi za Wasovieti ni sotka sita, mita za mraba 600, kibanda cha mbao, choo cha nje na udongo mweusi ti kama mkaa. Nikapewa lopata, sepetu lao, nichimbe, yeye anadondosha mbegu, mumewe anafukia huku ananisema mashimo yangu hayana mstari.

Hapo ndo Kirusi kilipoingia. Ndoo ya viazi ni vedro kartoshki, maji ni voda ila ndoo ya maji vedro vody, maji yakiisha vody net. Hiyo padezhi mwalimu alihangaika nayo wiki mbili kwangu, pale ikawa inatoka yenyewe, unadhani utaomba maji kwa jedwali? Halafu kuna nesti na nosit', vitenzi viwili na vyote ni kubeba, darasani nilikuwa nabahatisha. Kule nikibeba ndoo wananipigia kelele nesi syuda, lete huku, ila jioni mama akimsimulia jirani kwamba huyu kijana kutwa nzima amebeba maji akasema nosil. Nenda rudi, nenda rudi. Mgongo ulinielewesha kabla ya kichwa. Na hizi jinsia tatu za maneno zisikutishe, mtu mwenye ngeli zote zile, anayesema kitabu changu kizuri kimepotea bila kufikiri, ataogopa nini?

Mezani ndo kuna mitihani. Watakupa salo, mafuta ya nguruwe yamekaa chumvi, kama huli sema mapema, hawakasiriki. Vodka vilevile, sema ne p'yu, sinywi, bila kujieleza sana, maana ukianza kutoa sababu watazijibu moja moja, ila wakinyanyua glasi na we nyanyua yako ya kompot, kinywaji cha matunda ya kuchemsha. Kinachowaudhi ni kukaa umenyamaza kama uko msibani.

Darasa jingine la bure ni marshrutka, daladala za kule, hazina konda. Umekaa nyuma, unampa wa mbele yako nauli, peredaite pozhaluista, tafadhali pitisha, inapita mikono ya watu sita mpaka kwa dereva na chenji inarudi njia ile ile kamili. Baridi ikikaza vioo vinaganda huoni nje, ukitaka kushuka lazima upaze sauti, "na ostanovke!", yaani kituoni hapo. Mi nilikuwa naona aibu lafudhi yangu, nikapitilizwa vituo vitatu nikarudi kwa miguu kwenye barafu. Kesho yake nilipiga kelele gari zima likageuka.

Maua nayo, Machi 8 ni siku ya wanawake na mwalimu anapelekewa, chukua idadi isiyogawanyika kwa mbili. Mi niliomba kumi, muuzaji akaniuliza kuna msiba? Akachomoa moja.

Nisiwapambe sana, utakodolewa macho, na kuna mitaa usiku usipite peke yako, tembea na pasipoti na karatasi ya usajili. Halafu mi nilienda kabla ya vita. Voronezh haiko mbali na mpaka wa Ukraine, na tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi kule, kwa hiyo suala la pesa panga kabla hujapanda ndege. Wapo wanaosoma Kirusi Bishkek, Kyrgyzstan, siyo wazo baya.

Mwezi wa tisa mama wa getini alinigongea dirisha la kibanda chake nikipita, viazi vimekomaa. Safari hii nilienda na glavu zangu, na mzee aliponisema tena habari ya mstari, nilimjibu.