Viganja vya mama vinawaka moto: apake nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu anatumia vidonge vya kapesitabini kwa saratani ya utumbo mpana: siku 14 anameza, 7 anapumzika. Mzunguko huu wa pili viganja na nyayo vimeiva, vinamchoma na kumenyuka. Duka la dawa wamempa tyubu ya fangasi yenye dawa tatu ndani. Jirani anasema apake mshubiri. Nimnunulie nini? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Hiyo si fangasi. Kapesitabini ikiingia mwilini hugeuka kuwa fluorourasili, dawa yenyewe inayoua seli za saratani, na makali yake huonekana zaidi kwenye ngozi inayosuguliwa na kugandamizwa kila siku, yaani viganja na nyayo. Hiyo tyubu ya dawa tatu kwa kawaida ina steroidi kali ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Uwekundu utapungua siku mbili tatu, huku ngozi inazidi kukonda. Daktari wake anaweza kumwandikia steroidi kwa siku chache, lakini hilo ni lake, si la muuza duka. Mshubiri nao, ule utomvu wake wa njano unawasha ngozi iliyochubuka. Uacheni.

Nunua krimu ya yurea ya asilimia 10, na usome namba kwenye boksi kabla hujalipa. Ya asilimia 20 hadi 40 ni ya kulainisha magaga. Kwenye ngozi iliyoiva namna hii itamuunguza. Apake mara tatu kwa siku. Aoshe kwa maji ya kawaida, akaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, apake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Penye nyufa yurea itachonyota, hapo aweke mafuta ya mgando tu. Usiku avae soksi za pamba.

Wengi hupaka kidogo mno. Kamua mstari wa krimu kwenye kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza: ni kama nusu gramu, na unatosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mguu mmoja unataka miwili. Jumla mistari sita, gramu 3 kwa mara moja, gramu 9 kwa siku. Tyubu ya gramu 50 haitamaliza siku ya sita, basi ukikuta kopo kubwa chukua hilo.

Mtamsikia mtu akitaja jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, ile ya maumivu ya viungo. Si uvumi. Utafiti uliofanyika India ulionyesha kwamba waliopaka mara mbili kwa siku tangu mwanzo wa vidonge walipata tatizo hili kwa kiwango cha kuumiza asilimia 3.8, dhidi ya asilimia 15 kwa waliopaka jeli isiyo na dawa. Lakini hiyo ni kinga, tena haipakwi penye kidonda. Muulizeni daktari wake kwanza. Vitamini B6, ambayo bado inauzwa kwa kazi hii, majaribio hayakuonyesha faida ya maana.

Krimu haitafua dafu kama mama bado anasonga ugali, anafua kwa mikono, anakuna nazi au anaosha vyombo kwa maji ya moto. Kazi hizo mpokeeni. Kandambili ngumu azibadilishe kwa viatu laini visivyobana. Na asifiche weusi wa viganja kwa piko: kemikali yake huweza kuunguza hata ngozi nzima.

Akishindwa kushika kikombe cha chai, au kutembea kukawa kwa shida, au yakitoka malengelenge, pigeni simu kliniki yake siku hiyohiyo, iwe hospitali ya saratani ya Ocean Road au kwingine, kabla hajameza dozi inayofuata. Kwa kawaida madaktari husimamisha vidonge mpaka ngozi itulie, kisha huenda wakapunguza dozi. Na homa ikifika nyuzi 38, hata kama viganja vimepona, ni hospitali usiku huohuo.