Kiwewe si jipu la kutumbuliwa

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba hapa Hoima. Mwaka 2018 tulivuka Ziwa Albert usiku tukikimbia vita vya Ituri, Kongo, na boti yetu ilianza kujaa maji kabla ya kufika Sebagoro. Kliniki walinipa amitriptilini ya kumeza usiku, nikawa nalala. Mwezi uliopita nilikwenda kambi ya uponyaji ya siku tatu. Mwalimu alituambia tufumbe macho, tujiulize "mimi ni nani", turudi pale jeraha lilipoanzia, tulie na kupiga kelele mpaka litoke. Dawa akasema niache, eti inaziba njia. Siku ile nilijisikia mwepesi. Sasa ni wiki ya tatu silali, na nikiinamia ndoo ya maji nasikia harufu ya petroli ya injini ile. Yeye anasema jeraha limetoka nusu, nilipie kambi ya pili limalizike. Je, nilikosea namna ya kutafakari?

JIBU: Hukukosea, mama. Ulifanya ulichoambiwa, na ulichoambiwa ndicho kilichokuumiza. Hiyo kambi ya pili usiilipie.

Nianze na dawa, maana hiyo haingoji. Amitriptilini ikikatwa ghafla baada ya kuitumia muda mrefu, mwili unalalamika: usingizi unapotea, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, ndoto zinakuwa kali. Kwa hiyo sehemu ya mateso yako inaweza kuwa ni hiyo dawa iliyokatwa. Rudi kliniki, kesho ikiwezekana, uwaambie siku uliyoacha. Usianze tena mwenyewe kwa kipimo cha zamani, waache wao wakupangie. Ukiona huko hawakusikilizi, hospitali ya rufaa ya Hoima ina kitengo cha afya ya akili. Na fikra za kujidhuru zikikujia, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo na mtu wa nyumbani.

Sasa nije kwenye hilo neno "litoke", ambalo nalisikia karibu kila wiki. Mtu anakaa mbele yangu na kabla hajataja jina lake anasema, "Nimekuja unitolee." Ameshaaminishwa kwamba kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha, ni usaha uliofungiwa ndani, na kwamba mtaalamu ni yule mwenye kisu. Anayetoa machozi mengi zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa amepona zaidi. Hapana. Kumbukumbu si usaha, haitoki. Hata mimi siwezi kuitoa, na nisingetaka, kwa sababu humo humo ndani yake wamo watu uliowapenda.

Tatizo la kumbukumbu ya namna hii ni kwamba haina tarehe. Siku uliyojifungua mtoto wako wa kwanza unaikumbuka ukijua kabisa kwamba imepita. Ile ya boti iliingia wakati ubongo umejaa hofu: ikaingia harufu, baridi ya maji miguuni, kelele ya injini, lakini mpangilio wa lini na wapi haukushika vizuri. Sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, haisomi kalenda. Ikipata maji na giza inapiga kengele, na mwili wako unaamini uko ziwani. Kukurudisha humo kwa nguvu, ukapiga kelele, kisha ukarudi nyumbani na hofu ikiwa bado iko juu, ni kuifundisha kengele hiyo kwamba ilikuwa sahihi kulia. Wepesi ulioupata siku ile sikatai. Kulia kunapunguza uzito wa siku moja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Wales walichapisha matokeo ya majeruhi wa moto, ambao baadhi yao walisimulia yaliyowapata katika kikao kimoja kirefu muda mfupi baada ya ajali. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopata kikao hicho walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya walioachwa bila kikao, asilimia 9. Soma tena namba hizo kabla ya kumlipa mtu anayekuahidi kumaliza kila kitu kwa siku tatu.

Kusimulia kunaponya, ila kwa utaratibu. Hapa hapa Uganda, katika makazi ya Imvepi na baadaye Nakivale, ilijaribiwa tiba ya simulizi kwa wakimbizi. Nakivale washauri walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wakafunzwa, na waliotibiwa walipata vikao sita. Miezi tisa baadaye, takriban 7 kati ya 10 hawakuwa tena na ugonjwa huo.

Nikueleze tunavyoanza. Kamba inalazwa sakafuni. Mwanzo wake ni siku uliyozaliwa, na mwisho unaachwa umekunjwa kwa sababu maisha bado yapo. Unaweka ua mahali palipokuwa na jema, jiwe palipokuwa na baya. Mama mmoja alishika jiwe la ukubwa wa kiazi, akaliweka, akaliondoa, akalisogeza mbele kidogo. Halafu akasema taratibu, "Kumbe hili lilikuwa kabla sijampata Neema." Binti ambaye wakati huo alikuwa nje akicheza! Miaka yote jiwe lile lilikuwa kila mahali, na asubuhi ile likapata mahali pake. Kisha tunasimulia jiwe moja moja, na hatuachani mpaka hofu ishuke.

Kutafakari silaumu, nawafundisha watu kila siku. Lakini mtu aliyeokoka gizani ukimwambia afumbe macho na asikilize pumzi, unaweza kuwa umemrudisha gizani. Wewe fanya ukiwa na macho wazi, miguu imekanyaga sakafu, dakika mbili zinatosha. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Taja kwa sauti unachokiona: mlango, kanga, sufuria, jina la mji ulipo. Harufu ya petroli ikija, sema, "Hii ni ndoo, niko Hoima, watoto wako hapa." Ukizidiwa, simama utembee.

Na lile swali la "mimi ni nani" linaniudhi kwa namna linavyotumiwa. Lilienezwa na Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa India kusini, aliyefariki mwaka 1950. Alilielekeza kwa yule anayekumbuka, mtu amtazame huyo. Kufukua majeraha ya zamani halikuwa lengo lake. Anayelichukua na kulifanya jembe la kuchimbia makaburi ya watu hajasoma hata huyo anayedai kumfuata.

Ila dhambi kubwa ni ya kumwachisha mtu dawa. Nilimpokea kijana mwenye kifafa aliyekuwa akimeza kabamazepini, akakaa muda mrefu bila kuanguka. Mponyaji mmoja akamwambia kifafa ni hasira za utotoni, aziachilie na vidonge aache. Siku ya nne alianguka juu ya sigiri mama yake akipika. Mkono wa kulia aliouleta kwangu ulikuwa umefungwa bandeji hadi kiwiko, na vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Yule mponyaji alimtumia ujumbe kwamba hakuachilia vya kutosha. Ndiyo kauli yao wote: ukipata nafuu ni wao, ukizidiwa ni wewe.

Kwa hiyo nawasemesha pia mnaoongoza vikundi hivi, makanisani, kwenye nyumba za kupanga na kwenye kumbi za hoteli. Kabla hamjamketisha mtu, muulizeni anameza dawa gani, na jibu lolote atakalotoa, msiiguse. Anayetaka kufumbua macho afumbue. Mlango uwe wazi. Na mtu akisimama katikati ya kikao akatoka nje, msimwambie anaukimbia ukweli wake. Mpelekeeni maji, mkae naye uani mpaka mikono iache kutetemeka.